Kisu Kinachopata

Kiswahili kina namna yake ya kusifu kisu. Hatuishii kusema kwamba kisu ni kikali. Twasema kisu kinapata. Mpishi akikijaribu juu ya nyanya iliyoiva, akakiona kinazama bila kusukumwa, atasema, "Hiki kinapata." Kikiteleza juu ya ganda, atasema hakipati, wala hatahitaji kuongeza neno. Kitenzi hiki ndicho kile kile tunachokitumia kwa mtu aliyetafuta akafanikiwa: mvuvi kapata, mwanafunzi kapata. Ni kana kwamba kila kisu kinapoteremshwa huwa kimetumwa kwenda kutafuta, na makali ni kule kurudi na kilichotafutwa.

Kwa upande wa pili upo msamiati wa kushindwa. Kisu kisichopata huitwa butu, au kidugi. Na ule mwendo wa makali kwisha kidogo kidogo, pasipo siku mtu anayoweza kuitaja kuwa ndiyo siku yalipokwisha, nao una kitenzi chake: kusenea. Kisu kimesenea. Dawa ya kusenea ni kunoa, na kunoa kuna vyombo vyake: kinoo, jiwe la mkononi, tupa, chuma chenye meno madogo, na cherehe, jiwe la mviringo linalozungushwa. Kunoa hakukubaki jikoni wala shambani. Watangazaji wa mpira hutwambia timu inanolewa na kocha fulani, walimu hunoa bongo za wanafunzi, na vijana wa mitaani wakimwona mtu kakosa shabaha humcheka wakisema, "Umenoa!" Neno moja limebeba kutia makali na kukosa kabisa. Mshairi hawezi kuiomba lugha yake mzaha mzuri kuliko huo.

Maneno haya sikuyakusanya kwa kupekua kamusi. Yalinijia mmoja mmoja, kama wageni wanaobisha hodi, katika Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nilipokuwa nimepiga magoti juu ya saruji nyuma ya nyumba yetu huku Bristol, Uingereza, nikiwa na mwanangu wa kiume wa miaka kumi na mitano na mashine ya kukata majani iliyokuwa haipati. Nitaieleza kazi ile hatua kwa hatua, kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi inayofaa kujulikana. Pili, ndani yake mlikuwa na swali ambalo sisi wapenzi wa lugha tunaulizwa kila siku, na mara nyingi twalijibu kwa hotuba.

Mashine yenyewe tuliachiwa na jirani, mzee aliyehamia nyumba ndogo isiyo na bustani. Haina injini wala waya wa umeme. Husukumwa kwa mkono. Wengi wetu tuliokulia Afrika Mashariki twajua fyekeo, mundu na panga, na twaijua mashine ya injini ambayo chini yake kuna upanga mmoja unaozunguka kwa kasi kama pangaboi. Fyekeo na mashine ya injini, kwa tabia, ni ndugu: vyote viwili hulipiga jani. Jani halishikwi na kitu; hukatika kwa sababu pigo limekuja kwa kasi kabla halijawahi kuinama. Upanga wa injini ukiwa butu, kasi hubaki ile ile, lakini jani halikatwi tena, bali huchanwa, na baada ya siku mbili tatu ncha zake hukauka na kuwa na rangi ya majani makavu ya paa.

Mashine ya kusukuma ni ukoo mwingine. Ni mkasi. Ina silinda ya visu vitano au sita vilivyopinda kama njia za parafujo, na chini yake, kikiwa kimelala kwa upana wote wa mashine, kuna kisu kimoja kilichonyooka kisichosogea hata kidogo. Magurudumu yakisukumwa huzungusha silinda. Kila kisu cha silinda hulikusanya jani, hulisukuma hadi kwenye kisu kile cha chini, na hapo jani hukatwa kati ya vyuma viwili. Kwa kuwa visu vya juu vimepinda, havikutani na cha chini kwa mara moja. Hukutana kwenye nukta moja tu, na nukta hiyo hutembea kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mkasi unavyotembea juu ya kitambaa cha mshonaji.

Huo mfano wa kitambaa si wa kubuni. Mashine hii ilizaliwa katika nchi ya wafuma sufu, eneo la Stroud katika jimbo la Gloucestershire, si mbali na hapa ninapoishi. Viwandani huko palikuwa na mashine ya visu vya kuzunguka iliyokuwa ikinyoa malaika ya juu ya kitambaa cha sufu ili uso wake uwe laini. Fundi mmoja wa mitambo, Edwin Beard Budding, aliitazama akaona kwamba kinachoweza kunyoa sufu chaweza kunyoa nyasi. Hati ya ubunifu wake ni ya mwaka 1830, na mashine za kwanza zilitengenezwa katika kiwanda cha Thrupp, kando ya Stroud. Mwaka 1832 kampuni ya Ransomes ya Ipswich nayo ilianza kuzitengeneza kwa kibali. Kabla ya hapo viwanja vya matajiri vilikatwa kwa mundu mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili, tena alfajiri, umande ukiwa bado juu ya majani. Karibu miaka 200 imepita, na mpango wa Budding haujabadilika: visu vya kuzunguka, na kisu kisichosogea.

Yetu ilikuwa na kila kitu isipokuwa makali. Niliposukuma, majani yalilala ikapita juu yake, kisha yakainuka nyuma yangu kama watu waliopisha msafara wa mkubwa. Nilimwita mwanangu, nikamwambia leo tutainoa.

Akaniuliza kama kuna video. Nikamwambia zipo, nami nimezitazama, ila nitamwelekeza mwenyewe, kwa Kiswahili. Hapo ndipo aliposema, "Mama, Kiswahili ni cha kusalimiana na cha chakula. Mambo ya kazi yana lugha yake."

Alisema kwa Kiswahili, na kwa adabu. Hakuwa anakebehi, alikuwa anaeleza alichokiona maishani mwake. Kwetu Kiswahili ni shikamoo, ni wali na mchuzi, ni simu ya Bibi Tanga siku ya Jumapili. Hisabati yake, baiskeli yake, kompyuta yake, vyote vina lugha nyingine. Na mtoto anayeamini kwamba lugha ya mama yake haiwezi kufungua nati, siku moja ataamini kwamba haiwezi kufungua lolote.

Ningeweza kumjibu kwa majahazi. Ningemtajia mkuku, mataruma, foromali na kalafati, nimwonyeshe kwamba lugha hii ilikuwa ya mafundi tangu zamani. Jibu hilo ni sahihi, lakini kwa kijana wa Bristol ni jibu la jumba la makumbusho. Yeye hakuuliza Kiswahili kilifanya kazi gani zamani. Mbele yake palikuwa na chuma, na alitaka kuona. Nikampa spana.

Tulianza kwa kuiosha. Majani ya msimu uliopita yalikuwa yameganda kwenye visu yakawa kama gundi, na chini ya gundi palikuwa na kutu. Nikampa glavu na kijiti cha mti, na sharti moja: silinda haizungushwi kwa kidole. Ukikisukuma kisu kimoja, vingine vyote vinakwenda pamoja nacho, na mkono ulio upande wa pili hukutwa haujajiandaa. Akauliza, "Hata kama ni butu?" Nikamwambia butu kwa jani si butu kwa nyama.

Kisha tukatazama kila kisu. Palikuwa na pengo dogo kwenye kimoja, alama ya jiwe lililowahi kupita. Pengo dogo la namna hiyo hupunguzwa kwa tupa, kwa mkono mwepesi, mpaka lisikwame. Kisu kilichopinda, au silinda iliyolika upande mmoja ikawa nyembamba kuliko upande wa pili, hiyo si kazi ya nyumbani. Hupelekwa kwa fundi mwenye mtambo wa kusagia. Yetu ilikuwa imesenea tu. Kingo za visu, ambazo zinapaswa kuwa na kona kali, zilikuwa zimeviringika. Nikamwambia apitishe ukucha polepole juu ya ukingo, kutoka bapa kuelekea nje. Ukucha ukiteleza bila kukwaruzwa, makali hayapo.

Kipimo hicho cha ukucha nilikipata kwa mjomba wangu, Ngamiani, Tanga. Alikuwa mnoa visu. Alikuwa na baiskeli iliyosimama kwenye stendi yake, akikanyaga pedeli bila kwenda popote, na mbele yake cherehe ikizunguka na kurusha cheche. Wanawake walimletea visu vya jikoni, wachinjaji wakaleta vya kwao, na washonaji mikasi. Mikasi alikuwa akiitoza bei kubwa kuliko visu. Nilipomuuliza sababu alisema, "Kisu nanoa kitu kimoja. Mkasi nanoa vitu vitatu: kimoja, cha pili, na wanavyokutana." Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Nililiweka neno hilo akilini bila kujua nitalitumia wapi.

Sasa lilifika siku yake. Nilimweleza mwanangu kwamba katika mashine hii ukali haukai kwenye kisu chochote peke yake. Unaweza kuinoa silinda ikawa kama wembe, na majani yakaendelea kulala. Makali yako katika kukutana. Visu vya juu vikiwa mbali na cha chini kwa kiasi cha unene wa jani, jani hupinda na kupita katikati likiwa zima. Vikibanana, mashine huwa nzito, hulia, na chuma hula chuma mpaka vyote viwili visenee. Vinatakiwa vipitiane kwa ukaribu ambao jicho halioni mwanga, na mkono hausikii mkwaruzo.

Hapo ndipo tulipokwama kwa jina. Kisu cha chini tukiite nini? Mimi nilikuwa nimeandaa "kisu tuli", kwa kuwa hakisogei, na nililipenda. Mwanangu alikuwa amelala kifudifudi akikitazama kwa tochi, huku akizungusha silinda kwa kijiti. Akasema, "Lakini hakijatulia, Mama. Kinangoja."

Nikamtazama. Akaendelea, "Tuseme kingoja."

Tangu dakika ile kisu tuli changu kilikufa, nami sikukililia. Kingoja ni neno lililoundwa kwa sheria zote. Yule anayelinda mlango tumezoea kumwita mngoja mlango. Chombo kinachongoja, basi, kinaingia katika ngeli ya vyombo pamoja na kinoo na kifuniko. Na lina ukweli ambao neno langu halikuwa nao. Kutulia ni hali. Kungoja ni kazi. Kisu kile hakisogei kwa sababu kuna kinachokuja.

Kazi yenyewe ya kunoa hufanywa kwa kuizungusha silinda kinyumenyume. Ikizungushwa mbele, kingo huuma. Ikizungushwa nyuma, migongo ya visu huteleza juu ya kingoja, na ukipaka kitu cha kusaga katikati yao, visu vyote na kingoja hulainishana mpaka vinafanana umbo, kimoja kikiwa kipimo cha kingine. Kitu hicho cha kusaga ni mchanga mgumu mno uliochanganywa na grisi au sabuni nzito. Huuzwa kwa namba, namba 80 kwa kazi nzito na 120 kwa kumalizia.

Tatizo ni kwamba mashine imeundwa isirudi nyuma. Ndani ya kila gurudumu kuna meno, na meno hayo hushikana na giya ndogo iliyo kwenye ncha ya silinda. Ndani ya giya hiyo kuna kijichuma kinachoshika upande mmoja na kuteleza upande wa pili. Ndicho kinachotoa ule mlio wa tika-tika unapoivuta mashine nyuma, kama baiskeli unapoacha kukanyaga. Tukafungua magurudumu yote mawili, tukatoa giya ya kulia tukaiweka kushoto, na ya kushoto tukaiweka kulia. Sasa mambo yaligeuka: gurudumu likizungushwa mbele huteleza, likizungushwa nyuma hushika. Tuliiinua mashine juu ya ubao ili magurudumu yawe hewani. Nikapaka mchanga kwa burashi ya rangi kwenye ukingo wa kila kisu, naye akazungusha gurudumu nyuma.

Sauti yake ni kama ya mvua kubwa juu ya mabati. Inapoanza ina mikwaruzo, pale sauti pale kimya, kwa sababu visu vinagusana hapa na havigusani kule. Kadiri inavyoendelea, sauti hujaa. Ikiwa sauti ya namna moja kutoka mwanzo hadi mwisho wa mzunguko, ujue vyuma vimekubaliana.

Kiswahili tayari kinajua kazi hii. Msasa, kabla haujawa karatasi ya dukani, ni mti ambao majani yake ni makavu na ya kukwaruza, na maseremala waliyatumia kulainisha mbao. Nasi washairi tumeuazima: shairi likikamilika twasema tumelipiga msasa. Lakini kuna sehemu moja ya kazi ambayo msitiari wetu umeiacha nje, nayo ni kuosha. Mchanga ule ukimaliza kazi lazima utolewe wote, kwa maji ya sabuni, kwa burashi, kila kona, hata kwenye mashimo ya skrubu. Ukibaki hata kidogo, utaendelea kusaga. Haujui kwamba kazi imekwisha. Utakula makali yale yale uliyoyatengeneza.

Mwanangu alipokuwa akizungusha alikuwa akisema mfululizo, "Mama, visu zinagusa sasa. Sauti imekua moja." Mpenzi wa lugha yeyote angesikia ngeli ikigwaya hapo. Asubuhi, tulipokuwa tukifungua nati, nilikuwa nimemwambia mara tatu kwamba ni visu vinagusa. Sasa niliacha. Alikuwa ndani ya kazi, anaiona kwa Kiswahili, anaisikia kwa Kiswahili, na mchanga zaidi ungemla. Kusahihisha ni sehemu ya malezi ya lugha kama mchanga ulivyo sehemu ya kunoa. Lakini wako watoto wengi wa jamaa zetu ughaibuni, na hata wa mijini nyumbani, walionyamaza kwa Kiswahili kwa sababu kila sentensi yao ilisagwa. Nayajua majumba ambayo wazazi wanaongea kwa ngeli kamili, na watoto wanajibu kwa lugha nyingine.

Tulipomaliza kuosha na kukausha, tulirudisha giya mahali pake, kulia kulia na kushoto kushoto, tukatia tone la mafuta kwenye beringi, na kuanza kupima. Kingoja kinashikwa na skrubu mbili kila upande. Moja hukisogeza karibu, nyingine hukirudisha. Hukazwi kwa nguvu. Unazungusha sehemu ya nane ya mzunguko upande mmoja, kisha sehemu ya nane upande wa pili, kisha unajaribu. Kujaribu ni kwa ukanda wa gazeti. Unauingiza kati ya kingoja na kisu cha juu, ukiwa umesimama wima juu ya kingoja, kisha unageuza silinda kwa kijiti. Karatasi ikikunjwa, bado kuna nafasi. Ikichanwa, makali hayajatosha. Ikikatika kwa mstari ulionyooka na kipande kikaanguka kwa uzito wake, hapo panapata. Halafu unahamia mahali pa pili, pa tatu, kutoka mwanzo wa kingoja hadi mwisho, na kwa kila kisu cha silinda.

Ilituchukua karibu saa nzima. Kulia kulipopata, kushoto kuliachia. Kushoto kulipokaribia, kulia kukabana. Mwanangu ndiye aliyeshika bisibisi, mimi nikashika karatasi. Maneno yetu yalikuwa machache na ya kazi tu: kaza, legeza, kidogo, rudi, ngoja, bado, inakunja, inachana. Kisha kikadondoka kipande cha kwanza kilichokatika sawasawa, akasema bila kuulizwa, "Inapata."

Sikuwa nimemfundisha matumizi hayo siku ile. Lazima aliyasikia jikoni kwangu, miaka mingi, kisu kwa kisu, yakakaa mahali yakingoja.

Tulikata majani kabla ya jua kutua. Mashine iliyonolewa haina kelele; husikika kama mkasi wa mshonaji unaokata kanga ndefu kwa mkupuo mmoja, na majani huruka mbele ya silinda kama maji. Nilimwekea masharti ya mwaka mzima. Asikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja, kwa kuwa jani ndilo jiko la mmea, na ukilibomoa lote mmea hulala njaa. Aokote kwanza vijiti na mawe. Akimaliza apanguse visu, avikaushe, avipitishie kitambaa chenye mafuta, kisha aihifadhi mahali pakavu. Na kila mwezi ajaribu kwa karatasi, kwa maana kusenea hakutoi taarifa.

Jumapili yake Bibi alipiga simu. Kwa kawaida mazungumzo yao huwa mafupi: shikamoo, marahaba, umekula nini, masomo vipi, haya mpe mama yako. Safari hii nilisikia kutoka chumba cha pili, "Bibi, jana tulinoa mashine. Kingoja kilikuwa kimesenea." Kukawa na kimya kifupi, bila shaka Bibi akiuliza kingoja ndiyo nini. Kijana akaanza kueleza. Alieleza silinda, akaeleza giya zinazobadilishana pande, akaeleza karatasi. Mahali alipokosa neno alizunguka mpaka akalifikia. Simu ilidumu dakika ishirini, na alipomaliza, Bibi akaomba kuzungumza nami akaniambia jambo moja tu: "Kaka yangu angemsikia huyu, angempa cherehe yake."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria neno la mwanangu kwamba mambo ya kazi yana lugha yake. Kwa hakika, alikuwa ameona vizuri. Lugha husenea, na haiseneki kwa kutumiwa sana kama kisu. Husenea kwa kuwekwa mahali pamoja. Sisi tunaoandika mashairi tumekabidhiwa nusu ya mashine. Tunaitia makali silinda yetu, vina na mizani, tukaizungusha kwa ustadi, na tunashangaa vijana wanalala chini yake kisha wanainuka nyuma yetu wakiwa vile vile. Pengine tumesahau kingoja. Neno hupata pale linapokutana na kitu: nati, unga, deni, mgonjwa, mashine ya majani. Fundi wa gereji anayesema "legeza kidogo, usikaze" anainoa lugha hii kila siku, wala hajui kwamba sisi tunafanya mikutano kuitafutia dawa.

Nilimwandikia mwanangu beti mbili, nikazibandika ukutani mwa banda, juu ya mashine:

Kingoja kimetulia, hakikimbii kukata,
Silinda yazungukia, nyasi kati zikipita,
Vikibanana hulia, vikitengana vyasita,
Pima ukikadiria, na kisu chako chapata.

Neno nalo husinzia, bila kazi kulishika,
Ghalani likitulia, kutu nayo hulivika,
Kazini likipitia, makali huongezeka,
Mwanangu nakuachia, lugha iliyonoleka.

Alizisoma akiwa amesimama, spana mkononi. Akaniambia ubeti wa kwanza una kosa: kingoja hakijatulia, kinangoja, na hayo tulikwisha kukubaliana. Nikamjibu kwamba mizani ilinibana. Akasema basi nilegeze sehemu ya nane, nijaribu tena.

Bado ninajaribu. Nanyi wasomaji wenzangu, mlio karibu na gereji, karakana, mashine za kusaga na vyerehani, nawaombeni jambo moja. Nendeni mkawasikilize mafundi wakifanya kazi, mwandike maneno yao kama wanavyoyasema, na mkayatie katika mashairi yenu yakiwa bado na grisi.